Jina Moja Chini ya Sanamu

Hapo zamani, si zamani ya Adamu, wanangu, zamani ya televisheni za chogo, palikuwa na mwigizaji mjini Tanga, Zawena binti Shekuwe. Miaka tisa alibeba sinia la chai katika michezo ya watu. Akiingia, "Chai tayari, bibi." Akitoka, kwisha habari yake. Wenzake walimcheka: "Zawena, leo chai ina tangawizi?" Yeye nyumbani, mbele ya kioo, aliyasema maneno hayohayo kwa namna arobaini: ya mwenye njaa, ya mwenye mimba, ya mwenye kisu.

Siku moja mwigizaji wa mama mkwe mkorofi akanuna akaenda zake. Zawena akaweka sinia chini. "Nipeni mimi."

Wakampa. Lo! Huyo Bi Kisirani aliyemwigiza, watu walimtazama mpaka wali ukaungua jikoni. Mwaka haukwisha, Zawena akapewa tuzo: sanamu ya shaba. Chini jina lake, na chini ya jina lake pengo. Ndiyo desturi ya watoa tuzo wale: mshindi humtaja mtu aliyemfikisha, na jina lake huchongwa hapo. Mmoja tu.

Zawena akamwita fundi wa kuchonga aje nyumbani. Fundi kufika, akakuta wanawake watatu wameshatandaza miguu mkekani. Umbea hauna viatu, lakini hufika kwanza.

Bi Mgeni, somo yake, aliyemfunda alipovunja ungo, akaanza: "Yale macho nani alikufundisha? Siku saba ndani, nikakufunza kumkata mtu kwa jicho, kinywa kimefungwa. Mambo ya ndani yale! Ukayamwaga kwenye televisheni, na makungwi wenzangu wamenitenga. Niandike mimi."

Bi Mwanahawa, mama mkwe wake hasa, akasonya kwanza, msonyo mrefu. "Na msonyo huu ni wa nani? Kuonja mchuzi wa mkwe kisha kuutemea dirishani, uliona kwa nani? Sokoni wananiita Bi Kisirani! Muuza samaki ananiambia, 'Mwache kwanza binti wa watu apumue.' Wewe umepata sanamu, mimi nimepata jina. Niandike mimi."

"Mama," Zawena akasema, "nilikuiga kwa sababu nilikuogopa."

"Na sasa?"

"Sasa nakuogopa zaidi."

Wa tatu, Saumu, aliyeigiza mkwe anayeonewa, alipoulizwa yake hakugeuka mpaka Zawena alipohamia upande wake wa kushoto. "Waamuzi walisema tuzo ni ya lile kofi. Nani alikwambia, 'Dada, nipige kweli, wataamini'? Ukanipiga mara kumi na moja, mpaka mwongozaji aliporidhika. Sikio la kulia limekufa. Na picha ilipotoka, uso ulionekana wako, mimi kisogo tu. Niandike mimi."

Fundi akajikuna. "Bibi, si bora pabaki patupu?"

"Hapabaki!" Zawena akasimama. "Miaka tisa mchezo ukiisha wanatajwa mpaka wapishi, mimi sitajwi. Najua utupu huo unavyouma. Leo jina litachongwa."

"Basi nichonge lako mara ya pili," fundi akasema. "Sinia miaka tisa alibeba nani?"

Bi Mwanahawa alisahau kusonya. Zawena akajitazama kwenye ile shaba, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akampa fundi. Fundi akaweka patasi, akainua nyundo.

"Herufi ya kwanza?"

Haya, nyie mliokwisha kunywa kahawa yangu, msinitolee macho. Yupo aliyemfunda, yupo aliyeibiwa mwendo wake, yupo aliyetoa sikio, na yupo mwenyewe na sinia lake. Mjibuni fundi, mkono unamchoka: je, achonge jina la nani?