Msaragambo wa Buibui

Mtu mmoja alikuwa na kilima chenye buibui. Kilima hakikuwa chake hasa. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kitongoji tu, chini ya milima ya Upare, upande ule mkavu ambao mvua huupita bila hata kusalimia. Lakini wenyeviti huzoea kusema "kilima changu" kama wanavyosema "watu wangu", na hakuna aliyejisumbua kumkatalia. Jina lake Mrutu. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, naye aliwaogopa buibui kuliko alivyomwogopa mkwewe.

Na buibui wenyewe si wale wa darini. Walikuwa wa ardhini, wenye manyoya, mmoja akitosha kufunika kiganja cha mtu mzima, ingawa hakuna mtu mzima aliyejitolea kupimwa. Kila jike alikuwa na shimo lake kati ya mawe na nyasi kavu, mlangoni ametandaza utando mweupe kama kitambaa cha mezani. Watu walipita mbali. Mrutu alipita mbali zaidi.

Ikaja barua. Ilisema kwamba buibui wa namna hii wamebaki mahali pachache, kwa kuwa wengine huchimbuliwa na kuuzwa mbali wakafugwe ndani ya vioo, na wengine huondolewa pa kukaa. Siku ya Alhamisi ya wiki ya pili angekuja mtaalamu. Akiwaona kwa macho yake, kilima kingeachwa kama kilivyo. Asipowaona, kilima kingekabidhiwa wenye mitambo ya kokoto, ambao walikuwa wameshaleta maombi. Mwisho wa barua uliandikwa: muwatunze.

Mrutu alipanda kuwahesabu, akiwa amesimama hatua kumi kutoka kila shimo. Walikuwa saba. Alirudi jioni ya pili, akamwona mmoja amejitokeza mlangoni, ametulia tu, hana ugomvi na mtu. Alirudi ya tatu. Kufikia Jumapili alikuwa anavua kofia akifika, na hatua zimepungua kuwa nne. Huruma ilimwingia, tena ya kweli. Aliona haya kwamba ameishi miaka hamsini jirani na viumbe hawa na hajawahi kuwatakia jambo jema hata moja.

Basi siku ya Jumatano akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe. Kwao hivyo ndivyo kitu kinavyotunzwa. Makaburi ya wazazi hupaliliwa, mfereji hufyekewa, kanisa hufagiliwa mpaka uwanja ukang'aa. Kitu chenye majani kuzunguka ni kitu kisicho na mwenyewe, na buibui hawa sasa walikuwa na wenyewe.

Nao walifanya kazi, jamani. Walifyeka nyasi zote, wakazichoma. Walifagia kilima kwa fagio za chelewa kuanzia juu hadi chini. Mawe yaliyokuwa yamelala ovyo waliyang'oa, wakayapaka chokaa, wakayapanga kando ya njia, makubwa kwa makubwa na madogo kwa madogo. Mrutu alikuwa ameagiza kwa ukali kwamba mashimo saba yasifukiwe, na wallahi hayakufukiwa. Yaliondolewa ule uchafu mweupe mlangoni. Yaliongezwa upana, ili wenyewe wapite bila kubanwa. Yalimwagiwa maji kidogo, maana jua lilikuwa kali na hakuna aliyetaka buibui aonekane ana kiu mbele ya mgeni. Mwisho yakazungushiwa vijiwe vyeupe, kila shimo na duara lake. Mrutu aliposhuka, alisema hajapata kuona kilima kizuri namna ile, na alikuwa anasema kweli.

Mtaalamu alifika Alhamisi asubuhi, mama mmoja mpole mwenye tochi. Alipiga magoti kwenye shimo la kwanza, akamulika. Akaenda la pili. Watu walisimama nyuma yake wamevaa nguo za kanisani. Alipomaliza la saba aliketi juu ya jiwe, nalo likamchora chokaa kwenye sketi.

"Baba mwenyekiti," akasema, "wenyewe mmewaweka wapi?"

Sauti ikatoka nyuma: "Labda wametoka kidogo."

Yule mama hakucheka. Aliwaeleza polepole kwamba jike huweza kukaa miaka ishirini na zaidi, na shimo lake ndilo nyumba, ndilo ngome, ndilo mtego wa chakula. Utando ule mweupe ndio unaomwambia nani amepita mlangoni. Jiwe lile ndilo paa. Nyasi zile ndizo kivuli, na ndimo walimo wadudu anaowala. Akivuliwa vyote hivyo kwa siku moja, hukimbilia juani, na juani wapo ndege na siafu.

Mrutu aliona aibu, kisha akaona uchungu, na uchungu ukaipita aibu. Miaka hamsini aliwachukia, nao wakaishi. Siku kumi aliwapenda, na wamekwisha. Akageuza uso ili watu wake wasimwone machozi.

Wakati huohuo akapanda Bi Nakijwa, mjane wa upande wa pili wa kilima, na kuku kwapani. Hakuja kuona wageni. Alikuwa amekosa msaragambo, na anayekosa hutoa kuku. Hakuwa mgonjwa wala hakusafiri. Alisema tu kwamba hakujisikia. Ukingo wa shamba lake ulikuwa aibu ya kitongoji kizima, mawe na vichaka vitupu, na majirani walikuwa wamechoka kumsema.

Aliuliza nani amekufa. Alipoelezwa, akashangaa. "Wale wa manyoya? Mbona kwangu wamejaa. Niliolewa nikawakuta."

Walishuka wote mbio, mtaalamu mbele. Kwenye ukingo ule, chini ya jiwe ambalo halijaguswa na mtu, aliingiza unyasi mmoja shimoni, akautikisa taratibu. Likatoka jike kubwa, la rangi ya udongo, likanyanyua miguu ya mbele kama mtu anayeamuru watoke kwake. Yalikuwa mashimo kumi na mawili. Mtaalamu aliandika palepale, akasaini, na habari ya kokoto ikaishia hapo.

Mrutu alishindwa kujizuia. Alilia mbele ya watu, akacheka, akapanda juu ya kichuguu awahutubie. "Ndugu zangu, Bi Nakijwa ametuokoa! Jumamosi tuje hapa wote, kila mtu na jembe lake, tumshukuru." Watu wakapiga makofi. Walikuwa tayari kabisa.

Bi Nakijwa alimwendea, akamtia kuku mikononi.

"Mwenyekiti, huyu ni wa jana. Wa Jumamosi nitaleta, na wa Jumamosi zote zitakazofuata. Ila nakuomba, baba, msinishukuru."

Basi, ninyi mnaosikia: kati ya hao mnaowapenda kwa moyo wote, ni nani anayewasubiri tu muweke jembe chini?