Upepo wa Breki

"Upepo wa breki hutolewa na wawili." Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu yule kijana aliyekuja leo peke yake kumshtaki mkewe. Nanyi mkacheka, mkidhani mazungumzo yamehamia kwenye magari. Sasa mnaniuliza msemo huo umetoka wapi. Haukutoka mbali. Umezaliwa hapa hapa kwetu Upareni, na waliouzaa niliwajua wote wawili. Tulieni basi, niwaeleze ulivyoanza.

Kule Usangi palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Naelijwa. Mumewe, Eliamani, alikuwa mwalimu mstaafu. Watu waliwaita Mama Niwaeli na Baba Niwaeli, kwa jina la binti yao wa pekee aliyeolewa huko chini Mwanga. Walikuwa na pikapu kuukuu ya kijani, na kila siku ya gulio walishuka nayo mlimani wakiwa na ndizi na tangawizi. Eliamani alishika usukani, Naelijwa alikaa kushoto kwake, na njia nzima waliimba. Watu walizoea kuwasikia kabla ya kuwaona.

Asubuhi moja ya gulio Naelijwa alisema, "Baba Niwaeli, breki zinalia."

"Ziache zilie," akajibu mumewe. "Watu watajua tunakuja."

Walicheka, wakaondoka. Walipofika kwenye kona ile kali iliyo juu ya korongo, Eliamani alikanyaga breki, pedeli ikazama hadi chini kana kwamba amekanyaga uji. Akakanyaga tena. Hapakuwa na kitu. Gari likashika kasi.

Yaliyofuata Naelijwa aliyakumbuka kwa vipande vipande. Aliona mkono wa mumewe ukipita mbele ya kifua chake. Mlango ukafunguka. Kisha kiganja kikamsukuma begani, kwa nguvu, nje. Akaangukia nyasi, akabingirika, goti likapinda chini yake. Kwa mbele alisikia kishindo cha chuma na mwamba, kisha kimya. Watu wa shamba la jirani wakaja mbio, wakamwinua, wakampeleka zahanati kabla hata hajageuka kutazama. Eliamani alitoka garini mwenyewe, pua inavuja damu. Lori lililokuwa likipanda mlima likaivuta pikapu hadi nyumbani, ikaegeshwa uani, ubavu wa kushoto ukielekea wigo.

Hakuna aliyekufa, na watu walimshukuru Mungu. Lakini siku Naelijwa alipoanza kutembea tena, alikwenda bombani kuteka maji, na jirani mmoja akamtania: "Mama Niwaeli, kumbe ulikuwa mzigo wa kwanza kutupwa!" Wanawake wote wakacheka. Naelijwa naye alicheka. Ila neno lile alirudi nalo nyumbani pamoja na ndoo yake, na likakaa. Alinisukuma, aliwaza. Miaka yote hii, na siku ya shida alinisukuma kama gunia.

Hakumwuliza mumewe. Mumewe naye hakusema. Mtu mcheshi yule aligeuka mpole, tena upole wa mgeni. Nyumba ikabaki na maneno machache tu: chakula tayari, asante, chumvi iko wapi. Jioni moja Naelijwa alisema mbele yake, bila kuinua sauti, "Gari lile mimi sitaliingia tena." Eliamani akaitikia kwa kichwa.

Mvua za masika zilipokatika, Eliamani alivaa suruali yake kuukuu ya kufundishia, akatoa spana zake, akaanza kulitengeneza gari. Fundi wa pale kijijini alikuwa amehamia tambarare, na ni nani angemshushia gari lisilo na breki? Kwa hiyo akaamua kulitengeneza mwenyewe uani. Aliliinua kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo ya mkaratusi, akavua magurudumu yote manne.

Naelijwa alimtazama kutoka mlango wa jikoni. Hakutaka kutazama, lakini mlango ulikuwa pale na macho yalikuwa yake. Alimwona akizigonga ngoma za breki kwa nyundo taratibu, huku na huku, mpaka kutu ikakubali kuachia. Alimwona ameshika pedi zilizolika hadi kwenye chuma, akizigeuza mkononi kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha. Kila alichofungua alikisugua kwa brashi na petroli, akakipanga juu ya gunia kwa mfuatano ule ule kilivyotoka. Vipuri vipya vililetwa na kondakta wa basi kimoja kimoja: pedi leo, shokapu wiki nyingine, kisha bamba la springi mahali pa lile lililokatika.

Mpira mmoja wa bushi, wa kukaa ndani ya tundu la springi, ulikataa kabisa kuingia mahali pake. Eliamani alishindana nao mchana kutwa. Kesho yake Naelijwa akashika beseni la nguo, akatafuta, akaita:

"Sabuni yangu iko wapi?"

Sauti ikatoka chini ya gari. "Imeingia kwenye bushi."

"Yote?"

"Bushi imeingia vizuri sana, Mama Niwaeli."

Naelijwa alirudi ndani haraka ili mtu yule asimwone akitabasamu.

Ikawa hivyo, hadi siku simu ilipoleta habari kwamba Niwaeli amejifungua mtoto wa kike. Baada ya siku kadhaa akapiga tena: mtoto ataombewa kanisani Jumapili. "Mama, njoo na Baba. Njooni pamoja, tafadhali." Naelijwa alipomaliza kuongea, mumewe alikuwa amesimama karibu, mikono imejaa grisi, akisubiri.

"Mimi nitapanda basi," Naelijwa akasema.

"Gari litakuwa tayari."

"Nimesema nitapanda basi."

Eliamani alirudi kwenye gari, na tangu hapo alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa.

Jumamosi alasiri kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa magurudumu. Springi zimefungwa, shokapu zimefungwa, pedi mpya zimekaa, mafuta ya breki yamejazwa. Lakini pedeli ilipokanyagwa ilizama vile vile. Mabomba yalikuwa yameingia upepo, na breki yenye upepo haishiki. Ili kuutoa, pedeli hukanyagwa na kushikiliwa chini, huku skrubu ndogo iliyo nyuma ya gurudumu ikifunguliwa ili upepo utoke na mafuta. Skrubu hufungwa kwanza, ndipo mguu uachie. Mguu ukitangulia, upepo unarudi ndani.

Eliamani alijaribu peke yake. Alikandamiza pedeli kwa ubao ulioegemea kiti, akakimbia, akajitupa chini nyuma ya gari. Kabla hajaigusa skrubu, ubao ukateleza, ukaanguka kwa kishindo. Akarudia. Ubao ukaanguka tena. Mara ya tatu mafuta yalimrukia usoni, akabaki amelala chini, amefumba macho, hasogei.

Naelijwa alitoka na ungo wa maharage mkononi. "Umeumia?"

"Hapana."

"Sasa hapo chini unatafuta nini?"

"Upepo."

Akaweka ungo chini. Alilitazama gari lililokaa juu ya magogo, halina magurudumu, haliwezi kwenda popote. Kisha akafungua mlango wa dereva, akaingia.

Ndipo alipoona. Mlango wa kushoto, upande aliokuwa akikaa yeye siku zote, ulikuwa umebonyea ndani hadi katikati ya kiti. Chuma kilikuwa kimekunjamana pale pale ambapo mbavu zake zingekuwa. Alinyoosha mkono, akakigusa.

"Uko tayari?" Eliamani akauliza kutoka nyuma. Hakuweza kumwona mkewe, wala mkewe kumwona yeye. "Kanyaga mara tatu, halafu shikilia. Usiachie mpaka niseme nimefunga."

Akakanyaga. "Nimeshikilia."

Skrubu ikafunguliwa. Mafuta yakatoka yakichemka kwa mapovu.

"Baba Niwaeli," Naelijwa akasema, mguu ungali chini. "Kwa nini ulinisukuma?"

Spana ikagonga chuma.

"Nimefunga. Achia."

"Sikukuuliza hilo."

"Najua." Akaiweka spana chini. "Gari halikuwa na breki. Mbele yetu korongo. Cha kulisimamisha kilikuwa mwamba tu, na mwamba ulikuwa upande wako. Kabla ya mwamba palikuwa na nyasi kidogo. Nikaona nikusukumie kwanza kwenye nyasi, ndipo niligongeshe."

"Na wewe?"

"Usukani haushikiki kutoka nje, mke wangu."

Naelijwa aliweka paji la uso juu ya usukani. Alilia bila sauti, kwa muda, na mtu wa nyuma akangoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinionya kuhusu breki, nikakufanyia mzaha. Nilikuvunja goti. Nilidhani umenichukia kwa hilo, nikaona ni haki yako."

"Breki nilikuwa nimezisamehe kabla hatujafika zahanati! Mimi nilidhani ulinitupa."

"Kukutupa?" Kichwa cha Eliamani kikatokea kando ya gari, uso wote mafuta, macho yamemtoka. "Nikutupe wewe, niimbe na nani?"

Naelijwa akacheka huku machozi yanamtiririka. "Rudi huko chini," akasema. "Mguu wangu uko hapa. Sema."

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Eliamani alihama kutoka breki ya gurudumu moja hadi nyingine, wakiitana, mpaka majirani wakatega sikio kujua ni ugomvi au ni sherehe. Mapovu yakapungua, mafuta yakatoka safi. Mara pedeli ikagoma chini ya mguu wa Naelijwa, ngumu, imara.

"Haiendi!" akapiga kelele. "Baba Niwaeli, imekataa kwenda chini!"

"Hiyo ndiyo breki, mama. Hiyo ndiyo breki."

Magurudumu yakarudishwa, na kabla jua halijazama gari likajaribiwa kwenye kiteremko cha uani, likasimama kila liliposimamishwa. Mlango wa kushoto Eliamani aliunyoosha kwa nyundo kadiri alivyoweza. Haukunyooka wote, kwa hiyo asubuhi ya Jumapili Naelijwa, amevaa kitenge chake kipya, ilimbidi akae katikati, bega kwa bega na mumewe. Basi lilipiga honi barabarani, yeye akalipungia mkono lipite. Kwenye ile kona Eliamani alikanyaga taratibu, gari likatii, na Naelijwa akalitazama korongo kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Aliweka mkono wake juu ya goti la mumewe, akauacha hapo mpaka Mwanga.

Mjukuu wao alipoanza kutambaa, Niwaeli alipanda mlimani siku moja na mtoto mgongoni na uso umevimba kwa kulia. Alikuwa amegombana na mumewe. Alimweleza mama yake yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Naelijwa alisikiliza, akampa chakula, akamlaza. Asubuhi akamwambia:

"Nimeusikia upande wako, mwanangu, na ni kweli tupu. Lakini mimi nikikuombolezea hapa mwaka mzima, kilichowakaa moyoni hakitatoka. Nenda, urudi na mwenzako."

"Kwani siwezi kuliondoa jambo hili mwenyewe, Mama? Nimsamehe tu, yaishe?"

"Baba yako alijaribu mwenyewe, kwa ubao. Mwulize ubao ulianguka mara ngapi." Kisha akamsimulia habari ya ile Jumamosi, jinsi mmoja alivyokuwa juu na mwingine chini, hawaonani, kila mmoja akitegemea sauti ya mwenzake.

Niwaeli alishuka, akarudi na mumewe. Waliingia wamenuniana. Naelijwa akawapa viti viwili uani, akawaacha, akafunga mlango wa jikoni. Walizungumza mpaka chai ikapoa, wakaomba nyingine.

Tangu hapo, kila mtu aliyekwenda kwa Naelijwa peke yake kumshtaki mwenziwe, awe mke, mume, ndugu au rafiki, alipewa maji ya kunywa na jibu lile lile, na jibu likashuka mlima pamoja na waliolisikia. Ndilo shangazi yenu alilompa yule kijana leo, wala hakuwa akimfukuza: upepo wa breki hutolewa na wawili.