Ufa wa Sebuleni kwa Mwasiti

Bwana Lupogo alikuwa mkopeshaji mwenye huruma: kabla ya kuipiga mnada nyumba ya mtu, alimpa pole. Mwasiti, mshona nguo wa Kilosa, alipopewa yake, aliomba jambo moja tu: wapate msuluhishi, na wakutane sebuleni kwake.

Siku ilipofika, Lupogo aliketi akaukodolea macho ufa mweusi ulioshuka kutoka darini hadi sakafuni.

“Na huo ni nini?”

“Usiujali, bwana mkubwa. Mvua ikinyesha huwa unapanuka kidogo tu,” alisema Mwasiti. “Deni limenichosha. Chukua nyumba, tuachane kwa heri.”

“Unanitwisha gofu, dada? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa unataka nijenge mimi?”

“Kwani si nyumba uliyokuwa unaitaka?” aliuliza Mama Sijaona, msuluhishi.

“Nataka fedha.”

“Nina nusu ya deni tu,” Mwasiti alisema kinyonge, “na hiyo ni ya kupangia chumba. Mama, nakuomba, mpe nyumba.”

Lupogo alicheka. “Mjanja huyu. Nipe hiyo nusu, deni life, na gofu lako ubaki nalo.”

Mama Sijaona aliandika, wote wawili wakatia saini. Lupogo akatia fedha kibindoni, akampa Mwasiti pole ya pili, akaenda zake.

Mwasiti alichovya pindo la khanga kwenye maji, akausugua ule ufa aliouchora kwa mkaa mpaka ukuta ukabaki mweupe, mzima.

“Nimeshaziba, mama,” alisema. “Nisije nikajenga ukuta.”