Pale Maji Yalipotulia

Mkulima wa mifano leo nimempa likizo. Miaka kumi na tisa nimemlimisha kwenye mimbari hii, nimemmwagisha mbegu njiani, nimemng'olesha magugu, na hajawahi hata kunung'unika. Apumzike. Leo tunakwenda ufukweni. Na niwaambie mapema, wapendwa: nitawachekesha kidogo kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, lakini nimepanda hapa na hasira. Msidanganyike na meno.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kuteleza juu ya mawimbi, katika pwani moja yenye maji ya vuguvugu. Mchezo huu wengine hamjauona. Mtu analala kifudifudi juu ya ubao mrefu, anapiga maji kwa mikono, wimbi likija anasimama, nalo linambeba mpaka nchi kavu kama bwana harusi. Mwenzenu nilijaribu mara moja, nilipotumwa mkutanoni nchi ya mbali. Ubao ulifika ufukweni salama. Miwani yangu ilifika siku ya pili. Mimi nilifika nimekunywa maji ya kutosha kubatiza usharika mzima. Kwa hiyo haya nayasema kwa mamlaka ya mtu aliyeshindwa.

Mwalimu huyu hakuwa kama mimi. Alikuwa fundi kweli. Na alikuwa na fukwe mbili za kuchagua.

Ya kwanza ilikuwa ghuba ndogo. Chini mchanga mtupu, maji hayakupiti kiuno hata ukitembea hatua hamsini, na mawimbi yake yanafika yameshachoka, yanakusukuma mgongoni kama bibi anayekuharakisha shuleni. Mafundi waliicheka. Waliiita beseni la kuogeshea watoto.

Ya pili, mwendo wa dakika kumi tu kutoka pale, ndiyo waliyoipenda. Huko mawimbi yanasimama kama kuta. Na katikati ya kuta hizo kulikuwa na kipande kimoja cha maji kilichotulia, laini, hakina povu. Ukikiangalia kwa macho ya mgeni, utasema Mungu amefungua mlango.

Siku moja akaja mwanafunzi. Mama mmoja mpishi wa shule, umri wa kuanza kutafuta miwani ya kusomea. Amekulia karibu na bahari na hajawahi kuingia zaidi ya magoti. Alipokuwa msichana aliambiwa bahari si ya wasichana. Alipoolewa akaambiwa si ya wake za watu. Watoto walipokua, akajisemea: basi, sasa ni zamu yangu.

"Mwalimu," akasema, "kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha. Utanianzishia wapi?"

"Mama yangu, mimi sifundishi kwenye beseni."

"Mbona beseni ndilo saizi yangu?"

Mwalimu akacheka. "Ukianza na woga utamaliza na woga. Twende ufukwe wa watu wazima. Unaona pale palipotulia? Ingilia pale. Kaza moyo tu."

Sasa, alikuwepo dada mmoja mchokoa pweza, anatoka kazini, fimbo mkononi, ndoo kichwani. Akasimama.

"We mwalimu, huyo mama unamwingiza wapi?"

"Pale palipotulia."

"Umeshapaona pale maji yakiwa yamekupwa?"

"Dada, mimi nimeteleza kwenye bahari za mabara matatu."

"Sikukuuliza mabara. Pale chini pana mfereji, nikisimama unanifika kwapani. Maji yote yanayoletwa na mawimbi yanarudi baharini kwa kupitia hapo. Ndiyo maana pametulia. Yako safarini."

"Najua! Ndiyo njia yangu. Kila siku naingilia hapo, yananibeba mpaka nje, mkono hauchoki."

"Wewe," akasema yule dada. "Yanakubeba wewe."

Mmesikia? Mwalimu alijua. Hakuwa mjinga, hakuwa mwovu. Alikuwa na njia iliyombeba yeye, akadhani itambeba kila mtu.

Mama akaingia. Mwanzoni alicheka kwa furaha, maana ubao ulikwenda wenyewe. Akageuka kumwita mwalimu ashuhudie. Mwalimu hakuwepo: alikuwa ameshaliona wimbi zuri, amelirukia, amewapa mgongo. Mama akatazama ufukwe, akaona watu wamekuwa wadogo. Akaanza kupiga maji kurudi. Akapiga, akapiga, na watu wakazidi kuwa wadogo. Ubao ukamponyoka.

Yule dada alitupa ndoo, pweza wakasambaa mchangani, akakimbia mpaka maji yakamfika kifuani. "Usishindane nayo! Mama! Usirudi moja kwa moja! Kata ubavuni, huku, kwenye povu! Kwenye povu!" Akarudia mpaka sauti ikakauka. Mama akasikia. Akakata ubavuni, akaingia kwenye yale mawimbi aliyokuwa akiyaogopa, nayo yakamtapika ufukweni, magoti yanavuja damu, ushungi umekwenda na maji.

Mwalimu akaja anatembea, ubao kwapani. Akamtazama mama aliyekuwa akikohoa chumvi. Mnajua alisemaje?

"Nilikuambia ukaze moyo. Hukukaza."

Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Mama hakumtukana. Hakumrushia mchanga, na mimi ningemsaidia kuokota. Aliinua uso akasema, "Nisamehe, mwalimu. Nimekuangusha. Kumbe kweli bahari si ya watu kama mimi." Akamshukuru. Akaenda zake. Na tangu siku ile hakuingia tena majini, hata yale ya magotini aliyokuwa nayo tangu utotoni.

Wapendwa, aliokoka au alizama?

Mkondo ulimwachia. Neno la mwalimu halikumwachia. Na ghuba ya mchanga ilikuwa hapo hapo, siku zote, tupu, kwa sababu mafundi waliona haya kuonekana ndani yake.

Msiilaumu bahari. Bahari haijamdanganya mtu. Kila siku inakupwa mara mbili, inavua nguo, inaonyesha mpaka mawe yake ya chini. Wa kulaumiwa ni yule anayekuja imejaa, anaipenda ilivyo, halafu anaingiza mtu.

Na huyo ni nani? Wazee wa kanisa, msitazame feni. Feni haijabatizwa.

Ni sisi. Mwezi wa pili aliingia kwa mlango ule dada mmoja mwenye watoto wawili, ndoa imevunjika, hajui Zaburi iko upande gani wa Biblia. Jina silitaji, wote mnalijua, mmelisema sana. Alikuja na swali moja: mtu anaanzaje kuomba? Swali la maji ya kiunoni. Alihitaji kiti, sala fupi, kikombe cha chai, na mtu wa kukaa naye bila kumchunguza. Tulikuwa navyo. Chai tunayo kila Jumapili, mnajua wenyewe tunavyoishambulia.

Tulimpa nini? Wiki ya kwanza, toba mbele ya watu wote. Wiki ya pili, kufunga siku saba kavu. Siku ya nne akaanguka saluni alikofanya kazi, mkono juu ya kichwa cha mteja. Wateja wakambeba. Wateja! Sisi tulikuwa hapa tunaimba. Na alipoacha kuja tukasema nini? Imani yake changa. Hakukaza moyo.

Nani alisema? Mnatazamana bure. Ni mimi. Mimi mwenye vichekesho, mimi ninayependwa na watoto wenu. Kufunga siku saba ni njia yangu, nimeipita miaka thelathini, hunibeba, natoka upande wa pili naimba. Nikamwambia: ingilia pale. Kisha nikampa mgongo nikaenda semina, nikafundisha siku tatu juu ya kuwalea waumini wapya. Walinipigia makofi.

Kwa hiyo msidhani hasira hii nimewaletea ninyi peke yenu. Nimeanza kuila mwenyewe, mmebakishiwa ukoko. Lakini uleni! Maana nani alimwambia hapo mlangoni kwamba sketi yake fupi? Nani alimhamisha kiti mara mbili kwa sababu kina mwenyewe? Nani aliwauliza wale watoto baba yao yuko wapi? Tunawavusha watu pale tunapopita sisi kwa raha, wakizama tunawaambia hawajui kuogelea. Ndiyo, hawajui! Ndiyo maana walikuja!

Wiki iliyopita nilifungua simu nikautafuta ujumbe alioniandikia siku ile alipoacha kuja. Sikuwa nimemaliza kuusoma. Unaanza na neno "samahani". Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Leo ibada ikiisha hamtanikuta mlangoni kuwapa mikono. Nakwenda kwake. Siendi kumwambia arudi, sina uso huo. Nakwenda kumwambia kwamba ile samahani ilikuwa yangu, na ameibeba yeye miezi mitano. Anayetaka kufuatana nami aje. Aje mikono mitupu, bila andiko la kumsomea. Na tukifika, tukae chini, tufunge midomo, tumwache aseme yeye.