Mzee Ngowi na Zamu ya Kuanguka

Asiyejifunza kuanguka huanguka mara moja tu.

Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu wa aikido, ule mchezo wa Kijapani wa kujihami, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mkishanisikiliza sidhani kama mtacheka tena.

Enzi zetu mazoezi tuliyafanyia kwenye ghala kuukuu la kahawa, juu ya magunia yaliyojazwa maranda. Mwalimu Helindisa hakuanza kwa kufundisha kuangusha watu. Alianza na kuanguka: kulegeza mwili, kuinamisha kidevu, kuviringika, kuinuka. Watu walipokezana zamu. Ukimwangusha mwenzako, naye anakuangusha. "Msishindane na nguvu inayowajia," alisema. "Ifuateni, mtatoka wazima. Na nyumbani kwenu fanyeni hivyohivyo."

Mzee Ngowi alikuja na mwanawe, Aminieli. Mzee alikuwa pande la mtu, na kuangusha alikupenda mno. Ila zamu yake ya kuanguka ilipofika, alikunja mikono. Mtu mzima, alisema, hagaragazwi mbele ya watoto. Vijana wakaona haya. Nani angemlaza chini mtu aliye rika la baba yake? Wakawa wanajiangusha wenyewe, hata pale ambapo hajawashika sawasawa, na yeye akaamini kwamba anaweza. Mwalimu hakupendezwa, lakini alikuwa mke wa mdogo wake Ngowi, na heshima ikamfunga mdomo. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza mzee.

Masika moja baba na mwana walikuwa wakiteremka mgombani, njia imelowa chepechepe. Walikuwa wamenuniana. Asubuhi ile mzee alikuwa amemtukana mkewe mbele ya wageni, Aminieli akamsihi amtake radhi mama, naye akakataa katakata. Basi mzee akateleza. Aminieli akamdaka mkono, akapiga goti ili amshushe taratibu.

"Legea, baba. Nifuate chini."

"Niache. Siangushwi na niliyemzaa."

Akakaza mwili wote, akaupokonya mkono wake kwa nguvu. Nguvu hiyohiyo ikamrusha nyuma, shingo ikagonga jiwe la mfereji.

Hakufa. Heri angekufa, mwenyewe alisema hivyo kila siku. Kuanzia shingoni kwenda chini mwili haukusikia tena kitu. Mkewe, aliyekuwa bado hajaombwa radhi, ndiye aliyemgeuza kitandani, na Aminieli akamlisha uji kwa kijiko.

Tulikwenda kumjulia hali, Mwalimu akiwa mbele. Tulimkuta akimtazama mwanawe, machozi yakimtiririkia masikioni, maana hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Aminieli," akasema, "sasa nifundishe kuanguka."

Kijana akaweka bakuli chini.

"Kuna kuanguka kumoja bado unakuweza, baba. Mama huyu hapa."

Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda, kitambaa cha maji moto mkononi. Sote tulingoja. Midomo ya mzee ikatikisika, ikafunguka kidogo, ikafungika. Akageuzia macho ukutani. Mama akasubiri kidogo zaidi, halafu akaanza kumfuta uso.

Mzee Ngowi alizikwa kabla ya mavuno ya kahawa, na neno lile la radhi hakulisema. Siku tuliyotoka kumwona, Mwalimu Helindisa alisimama mlangoni, akalia, akasema kwa sauti ya chini maneno mliyoyacheka leo: asiyejifunza kuanguka huanguka mara moja tu.