Pengo Ndilo Livunjalo Vyungu

Pengo ndilo livunjalo vyungu. Mmewasikia wapakiaji wakiambiana hivyo wakipanga makontena, mkauliza vyungu vimeingiaje kwenye kazi ya kusafirisha mizigo. Vimeingia, tena kwa haki yao. Methali hii ilianza hivi.

Kule Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, alikuwapo mwenye lori mmoja jina lake Asegelile. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, lakini ukiliwasha liliitika. Mkewe aliitwa Tusekile. Na tuseme kweli: lori aliliendesha Asegelile, ila kazi aliiendesha Tusekile. Siku ya gulio alipita banda kwa banda akiuliza, "Mama, leo una nini cha Mbeya?" Huyu ana magodoro mawili ya sufi, yule mikeka, mwingine vyungu vichache, mwingine gunia la mchele na tenga la dagaa. Mzigo wa mtu mmoja haujazi lori, lakini wa watu wengi unalijaza, na kila mmoja analipa kile anachokiweza. Wakishushia Mbeya, Tusekile anaanza tena: nani ana sabuni ya kupeleka Kyela, nani ana mabati? Lori lao halikuwahi kurudi tupu.

Asegelile, mikono kwenye usukani, alikuwa akipiga kelele, "Mama wee, twende! Jua hilo!"

Naye Tusekile humjibu kutoka kwenye banda la mwisho, "Jua halina mzigo, liache litangulie."

Basi Tusekile akaugua. Hospitalini wakasema mashine ya kupimia imeharibika, fundi ameandikiwa barua. Fundi huyo mpaka leo anaisoma. Tusekile akazikwa. Wakubwa walikuja msibani na magari ya vioo vyeusi, wakasema pole kwa kipaza sauti, wakala, wakaondoka. Asegelile akakunja uso, na haukukunjuka tena. Gulioni akawa hapiti, maana kila banda lilikuwa na mtu wa kumuuliza, "Unaendeleaje?" Swali hilo hakulitaka. Kiti cha kando yake mle kwenye lori akakifunga kwa kamba, asikikalie mtu.

Ndipo ikaja kampuni kubwa yenye malori meupe, na pamoja nayo mkutano. Wenye malori madogo waliitwa wote. Bwana mkubwa mmoja, mtu ambaye hajawahi kubeba hata kuni, akasimama akawaambia zama za kuchanganya mizigo kama kande zimepita. Biashara ya kisasa ni mteja mmoja, mzigo mmoja, gari moja, mwendo wa haraka. Asegelile hakuwahi kumwamini bwana mkubwa yeyote, lakini neno lile alilimeza. Mzigo mmoja maana yake ni mtu mmoja tu wa kuzungumza naye. Lilimfaa kwa siku zile.

Sasa, upande wa Ikombe wako akina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa vyungu tangu bibi zao. Mkubwa wao alikuwa Bi Esinati, shoga wa marehemu Tusekile. Msimu ule walipata mteja wa namna ambayo hawajawahi kumpata: mama mmoja mwenye duka huko Mbeya, aliyetaka vyungu vya kuuzia mahoteli, na kama vingefika vizima angechukua kila msimu. Visipofika, basi, mama hawa warudi kuviuza kimoja kimoja ufukweni kwa wapita njia. Malori meupe yalikataa mzigo wao, eti mdogo. Bi Esinati akavileta vyungu kwa mtumbwi hadi Matema, akaenda kwa Asegelile.

"Shemeji, utatupelekea?"

"Nitapeleka. Vyungu tu. Sichanganyi."

"Havijazi nusu ya lori, shemeji. Nyuma hapo utaweka nini?"

"Hewa," Asegelile akasema. "Hewa haina kelele."

"Na mimi nikae wapi?"

"Panda basi."

Wakavipanga kwa nyasi kavu kuanzia mbele, nyuma ya kabini, safu kwa safu, mpaka vikaisha. Kuanzia hapo hadi mlango wa nyuma palibaki peupe, mtu angeweza kucheza ngoma. Asegelile akafunga turubai akaondoka, bila kumsubiri mtu wala kumsalimia mtu, na njia nzima moyo wake ukimwambia kwamba hivi ndivyo vizuri zaidi.

Barabara ya kwenda Ipinda, penye gulio kwenye njia ya Mbeya, enzi hizo ilikuwa ya vumbi na mashimo. Kila uchaguzi wakubwa waliahidi kuitengeneza, na kila baada ya uchaguzi shimo jipya likazaliwa. Kwenye kilima kimoja kabla ya gulio, lori likapanda, likazama tairi la nyuma, likaruka. Asegelile akasikia sauti nyuma yake. Kwanza moja, kama mtu aliyegonga kikombe mezani. Halafu nyingi kwa pamoja.

Alisimama gulioni Ipinda, akafungua turubai. Safu za nyuma zilikuwa zimeteleza zikaingia pale peupe, zikagongana, na sakafu yote imejaa vigae vyekundu. Akakaa chini kando ya tairi. Akaona atauza lori. Akaona atarudi nyumbani, afunge mlango, na Bi Esinati ajue mwenyewe.

Lakini Bi Esinati hakuwa wa kujua mwenyewe. Basi alilikosa, akapanda pikipiki, na sasa hivi anashuka, kanga imejaa vumbi. Akachungulia ndani ya lori. Asegelile akatamani atukanwe.

"Barabara, shemeji," Asegelile akaanza. "Unaiona barabara yao? Wanakula hela za lami, sisi tunakula mavumbi. Wao ndio wamevunja vyungu vyako, si mimi!"

"Wana dhambi zao, sikatai," Bi Esinati akasema. Alipanda juu ya lori kwa goti moja, kama mtu mzima anavyopanda, akawa anainua vyungu kimoja kimoja na kuvigonga kwa kidole. "Lakini barabara hii ilikuwa mbovu hata Tusekile akiwa hai. Mbona vyungu vyangu vilikuwa vinafika?"

Bi Esinati akampungia mkono kutoka juu.

"Njoo uone. Panda, acha kukaa hapo kama umefiwa leo."

Akapanda. Bi Esinati akamwonyesha safu za mbele, zilizobanana na ukuta wa kabini. Zote nzima. Hata ufa hamna. Kisha akamwonyesha safu za nyuma.

"Shimo ni lile lile moja. Vyote vimerushwa pamoja. Hivi vilikuwa na wenzao wa kuegemea, hivi havikuwa nao. Barabara inarusha tu, shemeji. Pengo ndilo livunjalo vyungu."

Asegelile akatazama pale peupe. Akaviona vitu vilivyokuwa vikikaa pale: mikeka ya watu, magodoro ya sufi, magunia, na mkono wa Tusekile ukisukuma kifurushi cha mwisho kwenye kona huku akicheka kwamba bado nafasi ipo. Miaka yote alidhani mkewe anatafuta nauli za nyongeza. Machozi yakamtoka, naye hakuyaficha. Kulikuwa na vumbi, mtu angeweza kusingizia.

"Nimemkumbuka, Esinati."

"Najua. Na mimi nimemkumbuka. Sasa shuka ukaite watu, maana mimi sauti imekwishia kwenye pikipiki."

"Niite mimi?"

"Basi nani, bwana mkubwa wa mkutano?"

Alishuka. Alisimama mbele ya banda la kwanza, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, leo una nini cha Mbeya?"

Muuza mikeka akainua kichwa. "Heee! Jamani njooni, Asegelile amesema!" Akageuka kwake. "Wewe mzee, tangu msiba unatupita kama miti. Tulidhani umetufuta. Mikeka yangu hii unaiona imeshaota mizizi?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini, pakia!"

Wakaja. Mwenye mchele, mwenye magodoro, mwenye ndizi, na mzee mmoja mwenye kiti kibovu tu cha kupelekwa kwa fundi. Magunia yakakaa chini nyuma ya vyungu vilivyopona, mikeka ikasimamishwa katikati, magodoro yakasokomezwa juu mpaka mlango ukafungwa kwa bega. Kabla hawajaondoka, Bi Esinati akampigia simu mteja wa Mbeya akamwambia kweli yote: vingine vimevunjika, vizima vinakuja, vilivyopungua vitafuata safari ijayo. Asegelile akafungua kamba ya kiti cha kando yake, akakipangusa kwa kiganja, akamwambia apande.

Jioni walishusha Mbeya. Mwenye duka alitoka na uso wa kesi. Akakigonga chungu kimoja, akakigonga cha pili, akaenda hadi cha mwisho. Vyote vililia vizuri.

"Walionipigia simu kabla ya kufika ni nyinyi wa kwanza," akasema. "Wengine huniachia vigae mlangoni. Vilivyopungua nileteeni. Na vya msimu ujao. Ila hivyo vingine mlifanyaje hata vikavunjika?"

Bi Esinati alifungua mdomo, lakini Asegelile akamtangulia. Alikuwa amesimama nyuma ya lori, katikati ya watu waliokuja kupokea magodoro yao na mikeka yao, wanamsukuma huku na huku, kila mmoja anamuuliza habari za Matema, na habari zake mwenyewe, naye anajibu.

"Nilijitenga, mama," akasema. "Na pengo ndilo livunjalo vyungu."