Arukaye Siye Adakaye

Arukaye siye adakaye. Wande, umenisikia nikikwambia maneno hayo leo, ukanuna, na wenzako wakauliza yametoka wapi. Haya, vueni viatu miguu ipumue, nami niwaeleze. Methali hii haikuletwa na watu wa mbali. Ilizaliwa kwenye sakafu hii hii mliyoikalia.

Zamani hapa Nzega palikuwa na kinu cha kukoboa mpunga, na saruji hii ilimwagwa kwa ajili ya kuanikia. Sisi wanawake wa kinuni tuliomba tuitumie jioni kwa mpira wa kikapu. Tukasimamisha nguzo mbili, tukazifunga pete za chuma, tukawa timu. Mimi, Nyamizi mnayemwona amepinda hivi, nilikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa kinuni. Kazi yangu ilikuwa kupokea viroba vya mpunga vinavyoshushwa kutoka kwenye lori. Kazi hiyo ilikuwa na mwiko mmoja: kitu kikikujia kutoka juu, kikumbatie. Ukikiachia kikapasuka, utaimbwa kwenye ngoma za mavuno mpaka uzeeke.

Mwaka mmoja mpunga ulikubali kupita kiasi. Msimamizi wa kinu, Bwana Ntinginya, akatuita.

"Nataka pa kuanikia," alisema. "Timu ya Igunga imewafunga mara nne. Jumamosi wakiwafunga tena, nguzo nazing'oa."

Hakuwa mtu mbaya, na kuhusu hizo mara nne alisema kweli. Lakini mimi kinuni nilikuwa mgongo tu wa kubebea. Hapa ndipo nilipokuwa mtu. Niliapa moyoni kwamba nguzo zile hazitang'oka.

Kocha wetu alikuwa Mzee Lukelesha, fundi wa mashine, mtu wa maneno machache. Alitukusanya akasema, "Sisi tunafungwa kabla mchezo haujaanza. Na anayetufungisha ni Nyamizi."

Nilikasirika, lakini nilijua anasema nini. Mchezo huu huanza kwa mwamuzi kuurusha mpira juu katikati ya warukaji wawili. Sheria inamruhusu mrukaji kuupiga tu, haimruhusu kuudaka. Mimi nilikuwa naruka juu kuliko wote, halafu naukumbatia kama kiroba. Filimbi inalia, mpira wanapewa Igunga, wanafunga, na sisi tunaanza mchezo tumeshanywea. Mara zote nne nilifanya hivyo hivyo. Mzee aliniambia mpaka akachoka, ila mikono yangu haikuwa na masikio.

Wiki hiyo hatukulenga kikapu hata mara moja. Mzee alichora duara kwa mkaa akatupanga. Kalunde, aliyekuwa mfupi kuliko wote, alimweka nyuma ya bega langu la kushoto. Mwasi, mwenye mbio, akamweka pembeni, uso ukielekea kikapu cha Igunga. Wawili waliobaki wakapewa kazi ya kuwazuia wapinzani wasimfikie Kalunde.

"Nyamizi anaupiga nyuma kwa Kalunde," alisema. "Kalunde halali nao, anautupa mbele. Na Mwasi awe ameshaanza kukimbia kabla Nyamizi hajatua chini."

Tukajaribu, nikadaka. Tukarudia, nikadaka tena. Mwasi akasema ni afadhali nifungwe mikono kwa kamba. Siku ya tatu nikamwendea Mzee pembeni.

"Mzee, nikiuachia na Kalunde asiwepo, je?"

Kesho yake asubuhi Mzee alimwomba mnyapara anipandishe juu ya lori, nishushe badala ya kupokea, na Kalunde awe chini yangu. Nikaachia kiroba cha kwanza roho ikiwa mkononi. Kalunde akakipokea. Nikaachia cha pili, na cha tatu, hadi lori likaisha. Jioni Mzee akaniuliza, "Vingapi vimeanguka?"

"Hakuna."

"Basi," akasema, akaenda zake kunawa.

Jumamosi Bwana Ntinginya alikuja na kibarua mwenye sururu. Wakaketi chini ya nguzo, sururu magotini. Mwamuzi akaurusha mpira. Niliruka, nikamwacha mwenzangu wa Igunga chini, na mikono yangu ikaanza kufunguka ili ikumbatie. Hapo nikasikia sauti ya Kalunde nyuma yangu, taratibu tu: "Nipo, dada."

Nikaupiga. Nilipotua, mpira ulikuwa umeshampita Kalunde, na Mwasi alikuwa chini ya kikapu peke yake. Tukapata mbili za kwanza. Igunga hawakuzoea kutanguliwa nasi, wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Tulipigana nao dakika arobaini, viwiko vikavimba, wakatukaribia lakini hawakutufikia. Tuliwashinda kwa kikapu kimoja. Hata leo nasema kilikuwa kile cha kwanza.

Watu walimbeba Mwasi juu juu. Mimi hakuna aliyenigusa, na sitawadanganya, iliniuma. Bwana Ntinginya akanisogelea.

"Nyamizi, aliyeruka ni wewe. Mbona anabebwa mwingine?"

Nilimtazama yule kibarua akiondoka na sururu begani. Nikazitazama nguzo, zimesimama. Nikamjibu, "Bwana, arukaye siye adakaye."

Alicheka, na Jumatatu akayarudia maneno hayo kinuni. Wapakiaji wakayachukua, madereva wakayapeleka sokoni. Mwaka ule mpunga ulianikwa kwenye mikeka nyuma ya ghala.

Sasa, Wande. Leo umeruka mara zote ukashinda, na hakuna aliyelitaja jina lako. Uchungu huo naujua. Ila tangu Jumamosi ile hakuna aliyeanika mpunga kwenye sakafu hii. Vaa viatu uingie kwenye duara. Aliye nyuma yako yupo, mpigie. Arukaye siye adakaye.